Kuchimba Monero kwa Raspberry Pi: mwongozo kamili, kuanzia hesabu ya umeme hadi bodi inayojiwasha yenyewe

Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, inaweza kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero, yaani kufanya hesabu zinazoendesha mtandao wake na kulipwa kwa sarafu hiyo. Itaifanya kazi hiyo usiku na mchana, kimya, kwa umeme unaokaribiana na wa balbu moja ya LED. Ila haitarudisha hata gharama ya umeme wake, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujatoa shilingi mfukoni.

Kwa nini basi niandike mwongozo mrefu? Kwa sababu sijaona mazoezi mazuri kuliko haya kwa kijana anayetaka kuielewa kripto kwa mikono yake badala ya kuisikia kwa wauzaji wa ndoto. Ukimaliza hatua zote utakuwa umejenga programu kutoka msimbo wake wa asili, umeendesha sava ndogo ya Linux, umepima joto na umeme, na umeona kwa macho yako jinsi bloku, yaani kifurushi cha miamala, inavyotafutwa. Mtu aliyepita hapo hadanganyiki kirahisi na tangazo la "chimba Bitcoin kwa simu yako, pata laki kila siku".

Kwa nini Monero na siyo Bitcoin

Bitcoin huchimbwa kwa mashine zenye chipu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu. Antminer S19 Pro, kwa mfano, hufanya majaribio trilioni 110 kwa sekunde na hula wati zipatazo 3,250. Prosesa ya kawaida haina nafasi mbele ya kitu kama hicho.

Kuna bodi ndogo iitwayo Bitaxe, ya msimbo huria, inayobeba chipu ya aina hiyohiyo. Toleo la Gamma hufikia takriban trilioni 1.2 kwa sekunde kwa wati zisizofika 20. Watu huinunua kama tiketi ya bahati nasibu. Tuseme mtandao wa Bitcoin una nguvu ya eksaheshi 800 kwa sekunde (heshi ni jaribio moja, eksaheshi ni heshi trilioni mara milioni moja): kwa wastani ungesubiri zaidi ya miaka 12,000 kupata bloku moja ukiwa peke yako. Kama unaijua hesabu hiyo na bado unaitaka, ni sawa, lakini usiiite uwekezaji.

Monero ni tofauti. Tangu Novemba 2019 inatumia kanuni ya uchimbaji inayoitwa RandomX, iliyoundwa makusudi ili prosesa za kawaida zishindane na mashine maalumu. Kwa hiyo bodi yako inaingia uwanjani kihalali, ingawa ni mchezaji mdogo kuliko wote.

Ukiwa na Arduino au ESP32 tu, RandomX haitaingia humo kabisa. Itazame Duino-Coin, iliyotengenezwa kwa vifaa dhaifu vya namna hiyo. Thamani yake ni ndogo mno, lakini kwa darasa la shule inafaa.

Hesabu kabla ya ununuzi

Mtandao wa Monero hutoa bloku moja kila baada ya dakika 2 hivi, sawa na bloku 720 kwa siku. Tangu Juni 2022 kila bloku hutoa XMR (kifupi cha sarafu ya Monero) 0.6 mpya. Kwa siku, wachimbaji wote duniani wanagawana XMR 432, ukiacha ada za miamala. Fungu lako ni hili:

nguvu yako ÷ nguvu ya mtandao mzima × 432

Raspberry Pi 4 hutoa takriban heshi 100 kwa sekunde. Tuchukue mfano kwamba mtandao una heshi bilioni 5 kwa sekunde, XMR moja ni dola 300, na dola moja ni shilingi 2,500 za Tanzania. Badilisha namba hizi kwa zile utakazozikuta siku unayosoma.

100 ÷ 5,000,000,000 × 432 = XMR 0.00000864 kwa siku. Kwa mwaka mzima bila kuzima ni kama XMR 0.00315, yaani senti 95 za dola, kama shilingi 2,400.

Sasa umeme. Bodi inayokula wati 6 muda wote itatumia uniti 52.6 kwa mwaka. Kwa mteja wa kawaida wa Tanzania, wa daraja la T1, anayelipa kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni shilingi 18,700. Umetumia elfu kumi na nane na mia saba kupata elfu mbili na mia nne. Aliye D1, daraja la nafuu la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, anaumia kidogo kuliko hapo, lakini bado anapoteza, na asisahau kwamba bodi inaongeza uniti 4.4 kila mwezi. Kama matumizi yake tayari yanagusa 75, hizo za ziada atazilipia bei ya juu.

Na bodi yenyewe? Pi 4 ya gigabaiti 4 ilitangazwa mwaka 2019 kwa dola 55. Kwa senti 95 kwa mwaka, hata umeme ungekuwa bure kabisa, ungehitaji karibu miaka 58 kuirudisha pesa hiyo.

Nimeziweka hesabu hizi mbele kwa makusudi. Kama lengo lako ni kipato, ishia hapa na pesa yako ibaki salama. Wanaopata faida katika uchimbaji ni wale wenye umeme ambao hakuna mwingine wa kuununua. Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ilianza mwaka 2020 kuchimba Bitcoin kwa umeme wa maji wa Luviro. Nchini Kenya, kampuni ya Gridless imeweka mashine kwenye vituo vidogo vya umeme wa maji vijijini ili kutumia ule unaobaki. Wewe wa mjini mwenye mita ya LUKU huna faida hiyo.

Kuna hali moja ambamo gharama ya umeme hufutika: tayari una sola, na betri hujaa kabla ya jua kuzama. Bodi ya wati 6 ikiendeshwa saa tano za mchana inakula wati-saa 30 tu, nguvu ambayo vinginevyo ingepotea.

Vifaa

Kama tayari una bodi, tumia hiyo hiyo. Kama unanunua kwa ajili ya kujifunza mambo mengi na uchimbaji ni mojawapo, chukua yenye gigabaiti 4 au zaidi. Sababu ni kwamba RandomX katika hali yake ya kasi hupakia data ya zaidi ya gigabaiti 2 kwenye RAM. Bodi ya gigabaiti 1 au 2 italazimika kutumia hali nyepesi ya megabaiti 256, na hapo kasi inaanguka sana.

Pi 5 inaishinda Pi 4 kwa mbali, na haitokani na mwendo wa prosesa peke yake. RandomX hutegemea hesabu za usimbaji za AES, na prosesa ya Pi 4 haina sehemu maalumu ya kuzifanya, hivyo inazikokotoa kwa njia ndefu. Pi 5 inayo. Pia kila kiini kinachochimba hutaka megabaiti 2 za kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Pi 4 ina megabaiti 1 tu, inayogawanywa kwa viini vinne.

Vingine unavyohitaji:

- Adapta ya kweli: volti 5.1 na ampea 3 kwa Pi 4, ampea 5 kwa Pi 5. Chaja ya simu ndiyo chanzo cha matatizo mengi ambayo watu huyasingizia programu.
- Kipoza joto cha aluminiamu pamoja na feni.
- Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 32 kutoka duka unaloliamini.
- Waya wa mtandao kama ruta iko karibu. Uchimbaji hula data kidogo sana, unachohitaji ni mtandao usiokatika.
- Kipimo cha wati cha kuchomeka kwenye soketi. Bila hicho, kila hesabu ya umeme ni ya kubahatisha.

Kuandaa bodi

Kwenye kompyuta yako pakua Raspberry Pi Imager. Chagua Raspberry Pi OS Lite ya biti 64, na usikubali ile ya biti 32, maana RandomX hupata kasi yake kwenye biti 64 tu. Kabla ya kuandika kadi, fungua mipangilio na uweke jina lako la mtumiaji, nywila ngumu, na uwashe SSH, njia ya kuingia kwenye bodi kutoka kompyuta nyingine.

Hilo la nywila lina historia. Mwaka 2017 kilienea kirusi kilichoitwa Linux.MulDrop.14, kilichotafuta Raspberry Pi zilizoachwa na nywila ya kiwandani, kikaziingia na kuchimba kripto kwa faida ya wezi. Mwaka 2022 watengenezaji waliondoa kabisa ule mtumiaji wa kiwandani aliyeitwa pi. Usimrudishe.

Washa bodi, ingia kwa SSH, kisha:

sudo apt update
sudo apt full-upgrade
sudo apt install git build-essential cmake libuv1-dev libssl-dev libhwloc-dev

Pochi

Pochi, programu inayotunza funguo za sarafu zako, usiitengeneze kwenye bodi. Itengeneze kwenye kompyuta au simu yako, kwa programu kutoka tovuti rasmi ya Monero, getmonero.org. Utapewa maneno 25 ya siri. Yaandike kwenye karatasi kwa kalamu, usiyapige picha, usiyatume WhatsApp hata kwako mwenyewe. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye pesa, na hakuna ofisi ya kukurudishia yakipotea.

Bodi inahitaji anwani yako tu, ile ndefu ya herufi 95 inayoanza na 4. Bodi ikiibiwa kesho, mwizi hapati chochote kilichomo pochini.

Kundi la uchimbaji: soma kiwango cha chini cha malipo

Ukichimba peke yako kwa heshi 100 hutapata bloku maishani. Unajiunga na kundi: wengi mnachangia nguvu, bloku ikipatikana mnagawana kwa kadiri ya kazi ya kila mmoja.

Hapa ndipo wanaoanza hupotea. Kila kundi lina kiwango ambacho chini yake halikutumii chochote. Kwa mfano wetu wa hapo juu, kundi linalolipa kuanzia XMR 0.003 litakufikia baada ya siku 347. Lile linalolipa kuanzia XMR 0.1 litakulipa baada ya karibu miaka 32. Ukurasa wa kwanza kuusoma kwenye tovuti ya kundi ni huo wa malipo, halafu ada ya kundi, halafu orodha ya poti, yaani namba za milango ya kuunganishia. Chagua poti yenye ugumu mdogo kuliko zote; ugumu ni wastani wa majaribio yanayohitajika kupata jibu moja. Kwa ugumu wa 5,000, bodi ya heshi 100 hupeleka jibu moja kila sekunde 50 kwa wastani, na hapo utaona kazi ikiendelea. Kwa ugumu wa 500,000 utakaa zaidi ya saa nzima ukiangalia skrini tupu, ukidhani kuna kilichoharibika.

P2Pool, kundi lisilo na mwenyewe, ni kazi nzuri sana na ningependa wengi waitumie. Ila inataka nodi ya Monero, yaani programu inayotunza na kuhakiki kumbukumbu za mtandao, na dirisha lake la malipo, muda ambao majibu yako huhesabiwa, ni la saa sita hivi. Pi moja itapata jibu lake kwa nadra mno. Iache kwa wakati utakapokuwa na kompyuta kubwa zaidi.

Kujenga XMRig

XMRig ndiyo programu ya kuchimbia. Ichukue kwenye ghala lake rasmi tu, na uijenge mwenyewe, kwa sababu nakala zilizochezewa, zenye anwani ya mtu mwingine ndani, zimejaa mtandaoni.

git clone https://github.com/xmrig/xmrig.git
mkdir xmrig/build
cd xmrig/build
cmake ..
make -j4

Itachukua muda, kanywe chai. Ujue pia kwamba XMRig kwa kawaida huwachangia watengenezaji wake 1% ya muda wa kuchimba. Naona ni haki yao.

Kisha kurasa kubwa za kumbukumbu, zinazosaidia RandomX kusoma RAM bila kuzungukazunguka. Angalia kwanza kama kerneli yako, yaani moyo wa mfumo wa Linux, inazo:

grep Huge /proc/meminfo
getconf PAGESIZE

Kama amri ya kwanza haionyeshi mstari wa HugePages_Total, ruka sehemu hii. Kama ya pili inajibu 4096 na bodi ina gigabaiti 4 au zaidi, endelea:

echo 'vm.nr_hugepages=1280' | sudo tee /etc/sysctl.d/90-xmrig.conf
sudo sysctl --system

Kama inajibu 16384, na ndivyo ilivyo kwa kawaida kwenye Pi 5, usiandike 1280. Kwenye kerneli hiyo ukurasa mkubwa mmoja ni megabaiti 32 badala ya 2, na utakuwa umeiomba bodi RAM isiyokuwa nayo. Fungua /boot/firmware/config.txt, ongeza mstari kernel=kernel8.img, washa upya, kisha urudi hapa.

Jaribio la kwanza

./xmrig -o ANWANI_YA_KUNDI:POTI -u ANWANI_YA_POCHI -p pi1 -k --tls

Poti nyingine hazikubali --tls, hivyo hakikisha umechukua ile iliyosimbwa. Baada ya data kupakiwa utaanza kuona mistari yenye neno accepted na mabano kama (12/0). Namba ya kwanza ni majibu yaliyokubaliwa, ya pili yaliyokataliwa. Ya pili ikipanda haraka, mara nyingi mtandao wako una ucheleweshaji au bodi inapata joto la kupitiliza.

Bonyeza h kuona kasi, na uamini wastani wa dakika 15 kuliko ule wa sekunde 10. Halafu jaribu kwa viini vitatu, kisha viwili, kwa kuongeza -t 3 au -t 2. Kwa sababu ya ule ufinyu wa kumbukumbu ya haraka, kiini cha nne kinaweza kuongeza joto na umeme huku kikileta kasi ndogo. Gawanya heshi kwa wati ulizosoma kwenye kipimo, na mpangilio wenye jibu kubwa ndio wako.

Joto

Sehemu hii ni ya kuzingatia zaidi kwa tunaoishi Pwani. Chumba cha Dar au Mombasa mchana hufika nyuzi 30 na zaidi kabla bodi haijaanza kazi. Pi ikifika nyuzi 80 huanza kujipunguzia mwendo, na ikifika 85 hujibana zaidi. Amri mbili za kukariri:

vcgencmd measure_temp
vcgencmd get_throttled

Jibu la pili likiwa 0x0, uko salama. Likiwa 0x50000, maana yake tangu ilipowashwa bodi imewahi kupungukiwa volti na imewahi kujipunguza mwendo. Anza na adapta na waya wake, ndipo uje kwenye feni. Usiifungie bodi kwenye kabati au nyuma ya televisheni, wala usiifunike kwa kitambaa cha kuzuia vumbi. Vumbi lipulize kila mwezi. Lengo zuri ni kubaki chini ya nyuzi 70 saa nane mchana.

Umeme ukikatika

Bodi inatakiwa ijiwashe na kurudi kazini bila wewe. Tengeneza faili /etc/systemd/system/xmrig.service, ukibadilisha jina na anwani:

[Unit]
Description=xmrig
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
User=jinalako
ExecStart=/home/jinalako/xmrig/build/xmrig -o ANWANI_YA_KUNDI:POTI -u ANWANI_YA_POCHI -p pi1 -k --tls
Restart=always
RestartSec=20
Nice=10

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Kisha:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now xmrig

Zingatia kwamba programu haiendeshwi kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Kwenye bodi hizi hakuna sababu ya kufanya hivyo.

Kukatika kwa umeme ghafla ndiko kunakoua kadi za kumbukumbu, hasa kukitokea wakati bodi inaandika. Kwa bahati nzuri mchimbaji hahitaji kuhifadhi chochote. Kila kitu kikishakaa sawa, endesha sudo raspi-config, ingia Performance Options, washa Overlay File System. Kuanzia hapo kadi haiguswi, maandishi yote yanaishia kwenye RAM na kufutika bodi ikizimwa. Siku ya kusasisha programu, uzime mpangilio huo kwanza, la sivyo utasasisha na kesho yake ukute hakuna kilichobadilika. Kama bodi ina RAM ndogo, angalia kwa free -h kabla ya kuuwasha.

Ulinzi na sheria

Usifungue poti ya SSH kwenye ruta. Tumia funguo za SSH badala ya nywila, na ukishahakikisha zinafanya kazi, zima kuingia kwa nywila. Programu za kuzuia virusi zinaweza kuitaja XMRig kuwa hatari kwa sababu wezi huipachika kwenye kompyuta za watu, na ndiyo maana usiiweke kamwe kwenye kompyuta ya ofisi, chuo au mgahawa wa intaneti. Kuchimba kwa umeme wa mwingine bila ruhusa yake ni wizi.

Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 ikionya umma dhidi ya sarafu hizi, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya 3% kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kenya imepitisha sheria ya watoa huduma wa mali hizo mwaka 2025. Soma hali ya nchi yako kabla ya kuuza.

Kuuza Monero nako si rahisi kama kuuza Bitcoin. Binance iliiondoa Februari 2024, hivyo mara nyingi utalazimika kuibadilisha kwanza iwe sarafu nyingine, na ada ya kubadilisha inaweza kumeza mavuno yako ya mwaka mzima. Kwa kiasi hiki kidogo, mimi ningeiacha pochini.

Baada ya mwezi mmoja

Chukua uniti ulizosoma kwenye kipimo cha wati, uzidishe kwa bei yako, uziweke kando ya salio linaloonyeshwa na kundi. Ukishazipata namba zako mwenyewe, zima (kama uliwasha Overlay File System, uizime hiyo kwanza):

sudo systemctl disable --now xmrig

Kama ni Pi 5 yenye RAM ya kutosha, iwekee SSD ya gigabaiti 500, sakinisha monerod, programu ya nodi ya Monero, na uiendeshe kwa kuongeza --prune-blockchain ili ihifadhi sehemu tu ya kumbukumbu za mtandao. Kusawazisha kwa mara ya kwanza kutachukua siku kadhaa. Ikimaliza, bodi itakuwa inahakiki kila bloku na kila muamala kwa niaba yako, na pochi yako itaunganishwa na nodi yako nyumbani badala ya sava ya mtu usiyemjua. Kazi hiyo Pi inaimudu, kwa wati zilezile au pungufu.